Shikamoo Aliyopewa Sekela

Jumanne

Kinyaa tu. Nilipeleka kitabu cha katuni cha binti yangu Tusekile kwa akina mama wa kwaya, maana nani mwingine hapa Kawetele ana mtoto anayechora mashujaa? Mama Subi akafungua palepale pa Sekela, yule shujaa wa pembeni anayetokea kurasa mbili tu. Ana miaka tisini na sura ya msichana, kwa kuwa mwili wake umekataa kuzeeka.

"Mzee mwenye mvi anamwamkia binti shikamoo! Mama Tusekile, mwanao anafundisha laana." Akatema mate, karibu kabisa na kitabu.

"Si usome maandishi! Huyo ni bibi yake."

"Bibi gani hana hata kunyanzi moja?"

Wakacheka wote. Watu wasiojua hata kushika penseli, halafu...

Nikarudi nikamsimulia Tusekile, mdomo wangu huu. Akachukua penseli, akaanza kumchora Sekela makunyanzi. Nikamsihi aache, kazi yake ni nzuri kuliko zote.

"Mama, wewe uliionaje ile shikamoo mara ya kwanza?"

Nikashindwa kumdanganya. Nikasema na mimi niliguna.

Akaendelea kuchora.