Chaki za Mwalimu Lewis

Kiamunyi, Jumatatu

Sasa Kipngeno, ama nianze kukuita Shemasi?

Huku mvua imeshika na Mama amepanda viazi. Mwalimu Lewis bado anafundisha Kilatini kila Jumamosi nyuma ya kanisa, ingawa tangu uende seminari nimebaki mwanafunzi peke yangu. Sentensi za mazoezi bado ni za mkulima na msichana tu: mkulima anampenda msichana, msichana anampa mkulima ua, na kila jina linabadilika mwisho kulingana na nani anatenda na nani anatendewa. Zamani wewe ulitafsiri kwa Kiswahili, mimi nikarudisha kwa Kilatini, halafu tukalinganisha. Siku hizi nafanya pande zote mbili. Upande wako nauandika kwa biro nyekundu, na nakuwekea makosa yako yale yale, maana bila hayo si wewe.

Jana Padre alisoma jina lako kwenye misa. Akasema anayejua sababu yoyote ya kukuzuia usipewe ushemasi na kuapa kutooa aende amwambie. Mama yako alikuwa ameketi mbele yangu na kitambaa kipya kichwani. Aligeuka akanishika mkono kwa furaha.

Baada ya misa nilifika hadi mlango wa ofisi ya Padre.

"Joan, kuna shida?" akaniuliza.

Nikamwambia nimekuja kumwombea Mwalimu Lewis chaki.

Alinipa boksi nzima. Sasa tuna chaki za kutosha mwaka mzima, na mwanafunzi ni mimi tu.

Hongera, Kipngeno.

Joan