Ile ya Kioo Nimebaki Nayo

Akai, mjukuu wangu mwenye miguu mizito,

Ejok, hujambo? Mimi niko, kama ulitaka kujua. Mbuzi uliowaacha wadogo sasa ni nyanya kama mimi, na wewe bado ni "nakuja Krismasi." Krismasi gani, ya wazungu wa wapi? Anayeniandikia ni jirani yetu, Mama Ekidor. Nimemkataza kulainisha neno hata moja.

Sasa habari ya darubini zako mbili ulizoniachia. Ulipiga simu kutoka Eldoret ukasema mwalimu mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma anaomba moja kwa wanafunzi wake, nichague nitakayobaki nayo. Ukanishauri: "Baki na ya lenzi, nyanya. Hiyo utaiweza peke yako."

Kweli, ya lenzi haina maringo. Nyembamba, imefungwa, vumbi letu haliingii. Unaitoa, unachungulia, mwezi huu hapa na mashimo yake. Unakumbuka nilipoona ukingo wa zambarau nikapiga kelele kwamba macho yangu yameisha? Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Si macho, nyanya, ni lenzi hiyo inapaka rangi."

Ya kioo ndiyo yenye taabu. Pipa zima, mdomo wazi, na kioo kama cha kujitazamia kimekaa chini kabisa. Na joto la Lodwar hili, isipokaa nje kwanza ikapoa, nyota zinachemka kama uji. Tulipoipeleka Kakuma watoto wa kambini waone nyota, barabara iliitikisa hata kioo kikakaa upande. Mimi nikachungulia, wewe ukazunguka nyuma kukaza skrubu.

"Kushoto, nyanya?"

"Kushoto gani, na kila kitu kiko kichwa chini! Rudisha!"

Tuligombana hivyo mpaka watoto wa Sudan Kusini waliokuwa kwenye foleni wakatucheka.

Lakini Akai, lile donge la mwanga ulilonionyesha kwenye anga ya kusini! Kwenye lenzi lilikuwa doa tu, kama pumzi juu ya glasi. Ukaniambia kioo ni kipana, kinakusanya mwanga zaidi, nitazame tena. Nikaweka jicho, doa likapasuka likawa nyota, nyota, nyota, kama mchanga wa mto Turkwel wakati wa jua. Nimelala nje chini ya anga hii tangu nizaliwe na sikujua. Nikakushika mkono.

Juzi jioni niliitoa mwenyewe. Kioo kimekaa upande tena, kila nyota imeota mkia. Nikichungulia, mkono haufiki kwenye skrubu. Nikifika kwenye skrubu, sioni. Nikaifunika shuka nikaingia ndani.

Jana mwalimu alikuja, nikampa ya lenzi. Mama Ekidor anasema nimechagua vibaya, nimebaki na pipa nisiloliweza. Hata sasa anaandika huku anatikisa kichwa. Mwache. Ulisema ya lenzi nitaiweza peke yangu. Nani alikuambia nataka kuweza peke yangu? Tangu babu yako afe naweza. Kuni naweza, mbuzi naweza, kulala kwenye nyumba isiyo na sauti naweza. Nimechoka kuweza.

Basi usije mwezi ukiwa mpevu. Mwanga wake unalifuta lile donge. Njoo wakati wa giza, ufike jua lingali juu tuitoe nje ipoe, na tiketi ya kurudi usikate.

Nyanya yako.