Moshi wa Jumanne

Kibandani, Ziwa Hoikka,
Kuhmo.
Jumapili, 6 Julai 1958

Mpendwa wifi yangu Impi,

Pokea salamu zangu nyingi huko Borås, ng'ambo ya bahari, wewe na Helge. Hamjambo? Mgongo wa Helge umepata nafuu, au bado anakwenda kiwandani amejipinda? Na mikono yako je, pale ngozi ilipokuwa ikipasuka kwa ajili ya nyuzi? Jipake yale mafuta tunayowapaka ng'ombe chuchuni. Wenzako wacheke harufu, lakini utapona.

Sisi huku tu wazima. Irja ana meno manne sasa na ameyajaribu yote kwenye bega langu. Amenenepa mapaja. Mimi pia sijambo, nakula nikikumbuka.

Najua barua hii utaifungua kabla hujavua koti, na macho yako yatatafuta jambo moja tu, kama Irja atakuja kuishi kwenu. Helge anafika tarehe ishirini, naye lazima ajue kama atarudi na mtoto au atarudi peke yake. Jibu limo humu humu, wifi. Ila niache niende polepole. Nikiliandika peke yake litakufikia kavu, na wewe hukunitendea mambo makavu.

Kibanda unakijua kuliko mimi, maana wewe na Taavi mmekulia humu kila kiangazi. Paa linavuja pale pale juu ya kitanda cha mlangoni. Gati limelala upande mmoja, barafu ya mwaka huu ililisukuma. Viazi nimepanda mistari mitatu, imeota miwili. Mbu ni wengi kupita kiasi, namfunika Irja kwa ule wavu wa pazia uliotuletea Krismasi, analala humo kama jibini lililofungwa kitambaa.

Ulisema nije hapa nipumzike na nifikiri. Nimepumzika. Kufikiri ndiko kulikonishinda. Tangu siku ile ya Februari walipowasha moto juu ya ardhi iliyoganda kutwa kucha ili majembe yaweze kuingia, tukamzika Taavi, kaka yako, mimi nimekufa ganzi. Sijamlilia, wifi. Usinifikirie vibaya. Nakaa mlangoni natazama maji, halafu naona kahawa imepoa na Irja amelowa, na sijui ni muda gani umepita. Namnyonyesha, namfua, namwimbia, yote nafanya sawasawa. Lakini ni kama nafanya kazi ya mtu mwingine aliyeniomba nimshikie kwa muda. Ndiyo maana barua yako ya Mei sikuijibu. Niliisoma nikaona kila ulichosema ni kweli. Mna maziwa, mna umeme, daktari yuko mtaa wa pili, na ninyi wawili mmemngoja mtoto miaka tisa. Nikajiuliza, mimi nina nini? Sikupata cha kuandika.

Sasa nikuambie lililotokea Jumanne.

Saa ya ukutani nilikuwa nimesahau kuitia ufunguo, sijui tangu lini. Ikasimama. Na unajua mwezi huu jua lilivyo, halina adabu, haliendi kulala. Kulikuwa na mawingu siku kadhaa, mwanga wa kijivu tu usio na upande. Nikalala na Irja, nikaamka, nikaona mwanga ule ule. Nikajiambia kumbe nimelala mchana, sasa ni jioni. Nikahesabu siku kwa vidole nikapata Jumamosi. Basi, Jumamosi jioni mtu hufanya nini? Nikabeba kuni, nikawasha sauna, mawe yapate moto tuoge mvuke wa Jumamosi.

Kumbe ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi.

Wewe umeshaelewa, wifi. Ng'ambo ya ghuba bibi Riikka alikuwa anatoka kwenda kukamua ng'ombe, akaona moshi unatoka kwenye sauna yetu. Si kwenye kibanda, kwenye sauna. Asubuhi, siku ya kazi. Huku watu tunasomana kwa moshi, na sauna ya asubuhi ya siku ya kazi ina mambo mawili tu, mtu anazaa au kuna maiti ya kuoshwa. Mimi ni mjane na tumbo langu ni bapa. Tulioko hapa ni wawili, na moto hauwezi kuwashwa na maiti. Kwa hiyo bibi Riikka hakuhitaji kuambiwa aliyekufa ni nani.

Mimi nilikuwa gatini nachota maji. Irja nilikuwa nimemwacha kwenye kibaraza cha sauna, nimemfunga kitambaa kiunoni kwenye mguu wa benchi, kama tulivyofungwa sisi sote. Nikaona mashua inakuja. Mzee Jalmari anapiga makasia, kichwa wazi, kofia ameiweka gotini. Bibi Riikka, mke wake, amekaa nyuma, amefunga kitambaa cheusi kichwani, amepakata shuka nyeupe iliyokunjwa. Anaimba zaburi kwa sauti ndogo. Nikadhani wanakwenda msibani upande wa kule, nikainua mkono kuwasalimu.

Hawakuinua wao.

Mashua ikagusa gati. Bibi Riikka akashuka, akanishika mashavu yote mawili.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Mtoto, mwanangu. Umemlaza wapi?"

Hapo ndipo nilipotazama ndani ya mashua. Miguuni kwa mzee Jalmari kulikuwa na mbao mbili zilizopigwa randa. Fupi. Nikaziangalia, wifi, nikaelewa za nini. Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikusema wamekosea. Niliwaamini. Niliamini zile mbao kuliko macho yangu. Nilifikiri, basi limetokea nami sikuona, kama ambavyo siku hizi sioni mambo mengine. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho Irja alilia lini, nisikumbuke.

Ndoo sijui niliiachia wapi. Nilikimbia. Ni hatua ishirini tu kutoka gatini hadi sauna, wewe unazijua.

Alikuwa amekaa pale pale, uchi, amepata kile kijiko kikubwa cha kumwagia maji kwenye mawe na anakitafuna mpini. Akanitazama akacheka, mate yanamtoka. Nikamshika. Nilimshika kwa nguvu akaanza kulia, na mimi nikawa natetemeka meno yanagongana, na joto lote lile la sauna mgongoni.

Bibi Riikka akafika anahema. Irja alipoona kile kitambaa cheusi akapiga kelele hata ndege wa ziwani wakaruka.

Bibi Riikka akakaa chini kizingitini, na shuka yake.

"Wewe msichana," akasema, "leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Jumamosi! Jalmari! Unasikia? Eti leo ni Jumamosi!"

"Basi ningekuwa nimenyoa ndevu," mzee Jalmari akajibu kutoka gatini.

"Na huu ni wakati gani?"

"Jioni."

"Jioni ya wapi? Mimi sijanywa hata kahawa ya asubuhi! Ng'ombe nimewaacha na viwele vimejaa, nimemwimbia zaburi tatu mtoto ana meno manne!" Akavua kile kitambaa cheusi akanipiga nacho begani, mara mbili, si kwa kuniumiza. Halafu akakitia usoni akalia. Mzee Jalmari akaja, akasimama, akasema, "Mama, usimlilie aliye hai, utamaliza akiba ya machozi." Akamwambia anyamaze huku na yeye anajifuta pua kwa kofia.

Mawe yalikuwa yameshapata moto. Bibi Riikka akasema kuyaacha yapoe bure ni dhambi mbaya kuliko kukosea siku. Tukaingia sisi wanawake na Irja, Jumanne asubuhi kama wazimu. Alimwosha Irja yeye mwenyewe, akampigapiga taratibu kwa majani mabichi ya kuogea, na tulipotoka hatukuwa na cha kumfutia maji ila ile shuka.

Tukanywa kahawa barazani. Bibi Riikka anajua habari yako, nilimwambia tangu Juni. Nikadhani baada ya yale atasema usimtoe mtoto. Lakini hapana.

"Impi ni mtu wa kuaminika," akasema. "Mimi nilimfahamu tangu ana kikono kama hiki. Mtu asiyejua Jumanne na Jumamosi, mtoto wa miezi kumi, maji haya hapa mbele. Ningekuwa wewe ningempeleka. Hata kwa mwaka mmoja tu."

Nikasema, "Simpeleki."

Neno lilitoka kabla sijajua nitasema nini. Akanitazama. Nikarudia. "Simpeleki, bibi. Nimeogopa leo."

"Kila mtu anaogopa."

"Mimi sikuwa naogopa kitu. Tangu Februari."

Akanimiminia kahawa tena, akaniwekea sukari bila kuniuliza.

Hilo ndilo jibu langu, wifi. Simtoi Irja. Nimeliandika mara nne nikitafuta namna litakavyokuwa laini, na halina namna. Najua limekuumiza. Najua pia kwamba yule ni damu ya kaka yako, na kwamba wewe umempoteza Taavi kama mimi, tena bila kaburi la karibu la kwenda kukaa.

Usidhani nimepona. Sijapona. Jana nilikaa tena mlangoni hadi uji ukaungua. Kumlilia Taavi bado. Lakini hatua zile ishirini nilizikimbia mimi, si mtu mwingine aliyeniomba nimshikie. Nikimtoa sasa, nitarudi kukaa mlangoni na sitainuka. Na yeye atakua kwenu vizuri, lakini mama yake atakuwa nani? Kiti tu mlangoni.

Bibi Riikka amesema kweli pia, kwa hiyo sitabaki hapa ziwani. Mwalimu wa shule ya kijiji cha kanisa anatafuta mtu wa kupika uji wa watoto kuanzia Septemba, na kuna chumba nyuma ya jiko, kina joto majira yote. Nimemwandikia Ijumaa. Akikubali nitahamia kabla ya baridi, na mama yako, ambaye sasa ni mama yangu pia, atakuwa hatua chache tu, naye anataka mtu wa kumgombeza. Mpaka wakati huo mzee Jalmari anapita kila asubuhi. Anasema anaangalia nyavu, lakini nyavu zake ziko upande mwingine kabisa.

Zile mbao alitaka kuniachia, akasema atamtengenezea Irja kiti. Nilimwomba azirudishe kwao. Hakukasirika. Alizibeba chini ya kwapa akaziweka mashuani.

Ninalo ombi, na unaweza kulikataa, una haki. Helge akija tarehe ishirini, njoo naye. Mwombe msimamizi wako kiwandani wiki mbili. Matunda ya kinamasini yatakuwa yameiva, tutachuma pamoja, na wewe utalala na Irja kwenye kitanda kisichovuja. Nataka aijue harufu yako, ajue kuna mtu Borås ambaye ni wake. Na ukitaka kunigombeza, ni bora uje unigombeze hapa, kwenye barua hutapata nafasi ya kutosha.

Mzee Jalmari ataivusha barua hii kesho pamoja na makopo ya maziwa, kwa hiyo nafunga.

Msalimie Helge sana, umwambie nimemfikiria yeye pia nilipoandika lile neno. Msalimie shangazi Ebba. Mama anakusalimu, alipokuja sikukuu ya Yohana Mbatizaji alileta soksi alizokufumia, nakutunzia. Bibi Riikka na mzee Jalmari wanakusalimu. Mungu awalinde barabarani na majini, na awape faraja ambayo mimi siwezi kuwapa.

Naandika mistari hii ya mwisho Irja akiwa ameshikilia sketi yangu. Sasa ameiachia. Amesimama peke yake, wifi, anayumba, mikono juu, na moyo unanipasuka kwa hofu kwamba ataanguka.

Bado hajaanguka.

Ndimi wifi yako nikupendaye, hata ukinikasirikia,
Saima