Uzi wa Pete ya Mama

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na Mama anakurudishia tele. Leo nimesafisha vito vyake. Dhahabu nimeiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaisugua kwa mswaki laini. Lulu nimezifuta kwa kitambaa tu, maana zikilowa uzi wake unalegea. Mama alinikodolea macho kutoka kitandani kama vile mimi mwizi. Cheni zilizosokotana kazifungua mwenyewe, huku akinisema. Ile hereni yako iliyopotelewa na mwenzake bado ipo, hataki itupwe.

Pete yake ya ndoa ndiyo inayonipa kazi. Inampwaya, kwa hiyo naizungushia uzi kwa ndani ili imkae. Kila nikiiosha nautoa uzi wa zamani na kuweka mpya. Mwanzoni mizunguko michache ilitosha. Leo nimezungusha mpaka dhahabu ya ndani haionekani, na alipoinua mkono kunishukuru, pete ikaanguka.

Mama amenikataza kukueleza habari za ugonjwa wake, eti utaacha masomo. Basi mimi sijakueleza. Nimekuandikia habari za pete tu.

Dada yako