Jibu Lako Linachelewa Njiani

Tampere, Ufini

Baba Minza, mume wangu,

Kosa wanalofanya watu wengi mtandao wa nyumbani ukiwasumbua ni kukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi, na wewe umelifanya. Nimelitanguliza hata kabla ya shikamoo kwa sababu nakujua: barua zangu huwa unazisoma hadi katikati, kisha unaondoka kwenda kuangalia kuku.

Sasa shikamoo. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia chochote, au bado iko dirishani haijafunguliwa? Na jino je? La jino nitalirudia, maana sikulisikia kutoka kwako.

Sisi huku ni wazima. Minza anatoka asubuhi kwenda hospitalini kwake, mkwe wetu naye anakwenda kazini, mimi nabaki na mjukuu wako. Anatambaa, na kazi yake kubwa ni kunivua miwani. Ziwa lao limeganda na watu wanatembea juu yake na mbwa wao kama wako barabarani. Minza alinishika mkono nami nikakanyaga, lakini sikufika mbali, nikaomba turudi. Ziwa lililonyamaza hivyo sijalizoea. Nimezoea la kwetu, linalogombana na mawe mchana kutwa.

Barua hii naiandika kwa mkono, na Minza ataipiga picha akutumie kwenye simu. Picha haijali kuchelewa. Ikifika sasa au baada ya chai, maneno ni yale yale. Mazungumzo ndiyo yasiyoweza kusubiri, na hapo ndipo ulipo ugonjwa wa mtandao wetu.

Nikueleze kwa vivuko, kwa kuwa umetengeneza injini zake mpaka ukastaafu. Kivuko kikubwa kinabeba malori mengi kuliko kidogo. Lakini kama mimi niko Kamanga, ng'ambo ya maji, nawe uko mjini, nami nataka kukuletea neno moja unijibu neno moja, wingi wa malori haunisaidii kitu. Kinachonihusu ni muda wa kwenda na kurudi. Kifurushi ulichonunua kimeongeza nafasi ya malori. Ndiyo maana unaniambia mpira unaonekana safi na filamu hazikatiki, kwa hiyo mtandao ni mzima. Ni mzima kwa malori. Neno langu bado linasubiri gatini.

Na linasubiri vibaya. Jumapili ile nilikusimulia jinsi nilivyoteleza mbele ya kanisa la hapa nikaketi chini kama gunia la mpunga, wewe ukabaki unanitazama tu. Nikaona basi, habari haijakupendeza, nikahamia kwenye msiba wa yule mwalimu mwenzangu wa Nyegezi. Nilipokuwa katikati ya kueleza alivyougua, ukaangua kicheko. Minza alikuwa jikoni, akaziba mdomo. Nilijua kicheko kilikuwa cha gunia la mpunga, lakini kilimwangukia marehemu.

Hilo lilinichekesha baadaye. Lililofuata halijanichekesha mpaka leo. Nilikuuliza kama unanikumbuka. Nikasubiri. Ulikuwa unatazama pembeni ya simu, kisha likaja jibu, "Sana, Mama Minza." Mwanamke wa umri wangu hapaswi kupima ukimya wa mumewe, lakini ule niliupima, tena na tena. Na kabla sijaumaliza, nyuma yako akatokea Mama Siwema na bakuli lililofunikwa. Jirani yetu huyo wa ukuta mmoja, mjane, anashinda sokoni Igoma akiuza vitenge na bado anapata nafasi ya kupikia nyumba mbili. Akainama kwenye simu akasema, "Mwalimu, wewe lea mjukuu tu. Mzee hapa hana shida. Na lile jino tulishaling'oa."

Mimi sikujua hata kama una jino linalouma.

Nina wivu. Naliandika neno lenyewe ili usihangaike kulitafuta kati ya mistari. Sisemi umefanya ubaya, nimekufahamu muda mrefu mno kusema hivyo. Nina wivu wa lile bakuli. Nina wivu kwamba yeye akiuliza umelalaje, anajibiwa pale pale, na jibu langu linapita chini ya bahari na kuvuka nchi nisizozijua. Minza ananicheka. Anasema, "Mama, huo wivu wa kisichana utakuzeesha." Nikamwambia nimeshazeeka, hauna tena cha kunifanya. Lakini yeye mumewe anarudi nyumbani kila siku. Mimi nina ile saa yetu ya simu. Kwa sasa ndiyo ndoa yangu yote. Na Minza ananiomba nikae mpaka mtoto aanze shule ya awali. Nimemwambia ukweli: saa hiyo ikiendelea kuharibika, sikai. Nitarudi nyumbani Buswelu, na mtoto atalelewa na wageni. Kwa hiyo usidhani tunazungumzia waya tu.

Ndiyo maana wiki hii nilikusumbua vile. Nilifanya nilichowafundisha wanafunzi miaka yote darasani, kwamba usibahatishe, ondoa kimoja kimoja mpaka mkosaji abaki peke yake.

Kwanza nilikuomba uzime televisheni na kila kitu kinachotumia mtandao, ibaki kompyuta ya zamani ya Minza tu, tuzungumzie humo. Wengi hawajui kwamba simu moja inayopeleka video huko nje kimyakimya inaweza kuziba njia ya kutokea, na kila neno likapanga foleni nyuma yake. Ukazima vyote. Majibu yakaendelea kuchelewa. Nikakuomba uachane na waifai, uchomeke kompyuta kwenye modemu kwa waya, kwa sababu Buswelu siku hizi kila nyumba ina waifai yake na zinapigana vikumbo hewani. Ulilalamika kwamba nakuchuchumaza nyuma ya kabati na mguu wako mbovu. Nikasema pole, endelea. Kisha nikakuelekeza uandike ile amri ya kuita modemu na kusubiri iitike. Ikaitika papo hapo, kila ilipoitwa. Tukaita mbali, nje ya nyumba. Hapo majibu mengine yakaja mapema, mengine yakachelewa mno, na mengine hayakuja kabisa.

Ona maana yake. Kutoka kompyuta mpaka modemu, nyumba ni safi. Ugonjwa unaanzia modemu kwenda nje, kwenye waya wa kebo unaotoka nguzoni. Nikakuomba ufungue ukurasa wa modemu unisomee nguvu inayotumia kupeleka. Ilikuwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Modemu haipandishi sauti bila sababu. Ni kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya kilima. Asiposikika anaita kwa nguvu zaidi, na asiposikika tena anarudia, na kila kurudia kunakula muda. Kulikuwa na kitu kwenye waya kinachoinyang'anya sauti.

Ndipo nikauliza, kwa upole kabisa, kama waya unatoka nguzoni ukaingia moja kwa moja kwenye modemu, au kuna kitu katikati.

Ukanyamaza.

Baba Minza, ukimya wa mtandao wetu nimeshauzoea. Picha inakwama, macho yako yanaganda, kisha yanarudi pamoja na sauti. Safari hii picha haikukwama. Ulikuwa unapepesa macho, unakuna kidevu, na kuku akapita nyuma yako bila wasiwasi wowote. Mtandao ulikuwa unafanya kazi. Aliyechelewa ni wewe.

"Kuna splita," ukasema mwishowe.

Nikauliza ya nini.

"Waya mmoja unaingia kwetu. Mwingine unaruka ukuta."

"Kwenda kwa nani?"

"Si unajua tumepakana na nani."

Nilijua. Nilitaka ulitaje jina, na ukalitaja. Ukasema ni televisheni tu, ana tamthilia zake, utamnyimaje na yeye anakuletea mboga. Ukaongeza kwamba uliuvuta mwezi ule ule nilioondoka. Hilo sikukuuliza, ulijisemea mwenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa sijazoea hata kitanda cha huku.

Splita, kile kidude cha chuma kinachogawa waya mmoja kuwa miwili, hakiumbi nguvu mpya. Nguvu iliyoingia inagawanywa, kila upande unaondoka na karibu nusu yake, na nyingine kidogo inapotea njiani. Televisheni inavumilia, kwa sababu yenyewe inapokea tu. Modemu inapaswa kupokea na kujibu, na majibu yake yanapita humo humo. Tena splita yenyewe iko nje, na unyevu wa mvua hupenya hata ukiifunika. Kutu ikishaingia kwenye maungio, wakati mwingine inapitisha, wakati mwingine inakataa. Ndiyo maana siku moja unanijibu vizuri na siku ya pili unacheka msibani.

Lakini kilichoniuma si waya kuruka ukuta. Buswelu nzima nyaya zinaruka kuta. Sisi wenyewe tulipohamia tulivuta kwa jirani aliyetutangulia, mpaka tukaingiza wetu. Kilichoniuma ni uangalifu wako. Ulinieleza kwa fahari jinsi ulivyokifunika kidude hicho kwa mfuko wa nailoni, ukakizungushia mpira wa baiskeli mzunguko kwa mzunguko, ukausimamishia waya mti ili usikwaruzwe na bati la nyumba yake. Taa ya barazani kwetu inaning'inia kwa nyaya zake tangu kabla sijastaafu, nawe kila mwaka unasema utaishughulikia. Nilikaa zaidi na habari ya huo mpira wa baiskeli kuliko habari ya splita.

Sasa tiba. Fungua splita uitoe kabisa. Waya wa nguzoni uingie moja kwa moja kwenye modemu. Kabla ya kuunganisha, tazama ule uzi mwembamba wa shaba katikati ya waya. Uwe umenyooka na unang'aa. Ukiona umefanya kijani au mweusi, kata kichwa cha waya na uweke kipya, usikikwangue. Kaza nati kwa vidole, umalizie kwa spana kidogo tu, maana najua mkono wako umezoea injini. Zima modemu, iwashe, kisha tuite tena mbali kama tulivyofanya, nami nikiwa kwenye simu. Majibu yakitulia, tumepona, na hicho kifurushi kikubwa ukiache kiishe, urudi kwenye kile cha zamani. Yakizidi kuchelewa, waite watu wa kebo wapime kuanzia nguzoni. Wakianza kukuuzia kifurushi, waambie waanze na nguzo.

Najua utaniambia habari za ujirani. Sijausahau ujirani. Mboga zake kula, na bakuli lake usilirudishe tupu. Weka hata mayai, kuku wanataga. Nikirudi nitamshukuru mimi mwenyewe kwa jino na kwa mengine yote aliyokutendea, na nitamshukuru kwa moyo. Yeye ana biashara yake, anaweza kuvutiwa waya wake kama watu wengine. Akihitaji wa kumwelekeza kwenye ofisi ya kebo, dada yako Mbuke amsindikize, si wewe.

Unaweza kuona ni ukali kumwondolea mjane tamthilia kwa ajili ya saa moja ya simu. Nimeliwaza hilo nikimbembeleza mtoto, nikalipindua kila upande, na bado nataka saa yangu. Nataka nikikuuliza kitu, nijue kama unafikiri au unasubiri mtandao. Nataka nicheke nawe ucheke. Nataka jino lako likiuma, mimi niwe wa kwanza kulisikia, na huyo wa ng'ambo ya ukuta alisikie baadaye.

Nisalimie dada yako Mbuke akija na maziwa kutoka Misungwi, umwambie sweta aliyomfumia mtoto imemtosha na kubaki. Nisalimie mdogo wangu Tabitha, ambaye ananiletea habari za nyumba yangu hata nisipoziuliza, ingawa hii ya waya sijui ilimpitaje. Wasalimie wazee wenzako wa kwaya, na yule mwenye sauti ya besi umpe pole ya macho. Mkwe wetu naye anakusalimu. Amejifunza kuamkia, ila ananiitikia "marahaba" kabla sijafungua mdomo, na mimi nimemwachia tu.

Salamu za Mama Siwema utampelekea wewe, kwa miguu yako. Usianze na spana, wala usingoje aje ndipo uzungumze naye ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda mlangoni kwake umwambie kwamba unautoa waya wake kwa sababu mkeo anataka kukusikia.

Mkeo,
Mama Minza