Kambale wa Wifi

Machi 4

Wifi mpenzi,

Hujambo? Sisi wazima, ila mdogo wako ana mafua na anajifanya anakata roho.

Wale kambale wachanga ulionizawadia niliwamwaga bwawani siku ileile, pamoja na wa zamani. Mwanzoni walikula kwa fujo. Sasa wanapanda juu, midomo wazi, wanabanana pale maji yanapoingia. Kila asubuhi naokota waliokufa. Wa kwako ni wazima?

Wifi yako

Machi 9

Wifi,

Salamu zimefika. Wangu wazima kabisa. Labda unawarundika, chakula kinaozea humo. Nafuga samaki tangu hujaolewa kwetu. Nilikupa zawadi, usinitafutie lawama.

Wifi yako

Machi 15

Wifi yangu,

Habari za tangu ulipokasirika?

Daktari wa mifugo alikuja. Akafunua matamvua ya mmoja, pale anapopumulia: yamepauka, yamejaa utelezi. Akanionyesha kipande kwenye hadubini. Jamani! Viminyoo vimeng'ang'ania kama kupe, vinajipinda. Samaki wamo majini na pumzi hawana!

"Mara nyingi huja na samaki wageni," akasema, "na anayevibeba anaweza kuonekana mzima. Wakibanana kwenye maji machafu, vinazaana upesi."

Kuwarundika, kweli niliwarundika. Na sikuwatenga wageni kwanza. Ametupatia dawa, waliobaki wameanza kula. Lakini kagua wako, wifi, na usigawe wachanga kwa sasa. Mdogo wako ananiambia ninyamaze, utaninunia. Basi ninunie.

Wifi yako

Aprili 20

Wifi,

Mu wazima? Barua yako niliichana. Siku chache baadaye wangu nao wakapanda juu.

Akina mama wa kikundi chetu cha wafugaji walikuja na madumu kuchukua wachanga, nikawarudisha mikono mitupu. Kisha nikazunguka kwa wote niliowahi kuwagawia: wasiazimane nyavu, wasifungulie maji ya bwawa yaende kwa jirani. Mmoja alinifungia mlango usoni.

Dawa nimechelewa nayo. Mizoga nimeifukia, bwawa nalikausha, daktari kasema tumwage chokaa kuua viminyoo vilivyobaki. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watu hapa, wifi. Sasa nakaa ukingoni naangalia tope, hata jembe silishiki.

Wifi yako

Aprili 24

Wifi yangu,

Pole sana, pole mno. Hii nampa dereva wa basi la leo, mimi nakuja na la kesho. Chokaa nimenunua. Jembe nitatumia lako.

Usijibu, nitakuwa nimeshafika.

Wifi yako