Ulezi Niliouonea Aibu

Kwa Ryoba Mseti, dereva,
Nyamisangura,
Tarime.
15 Agosti, 1976

Mpendwa Shangazi Mogesi,

Shikamoo shangazi. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, ingawa kwa barua huwezi kuyaona. Habari za Urambo? Mzee Marwa mguu wake umepoa? Na ule moshi wa kukaushia tumbaku, bado unawakohoza au mmeshauzoea? Mjukuu ameanza kutambaa?

Sisi huku hatujambo kidogo. Hiyo "kidogo" nitaieleza huko mbele, naomba usiwe na haraka nayo. Magige ana miezi mitano sasa, ananyonya kama ndama na hataki nilale. Baba Gati yuko salama, Landrova ya serikali bado haijamchoka. Huku kwetu ulezi umevunwa, na watu wa Turwa wameshaanza kuanika kwenye miamba.

Barua yako niliipata posta Jumatatu ya juzi. Niliisoma nimesimama, nikafika pale ulipoandika: "Siku hizi na sisi tunakula ugali mweupe kama wako, hata mjukuu namkorogea mweupe. Ukija hutaona aibu tena." Shangazi, nilikaa chini palepale kwenye ngazi za posta, na mtoto mgongoni. Watu wakadhani nimepata taarifa ya msiba.

Nimekuandikia barua mbili tangu uhame, na zote mbili nilikudanganya. Uliniuliza kama ulezi wako unamfaa Gati, nikajibu unamfaa sana. Hakuula hata kijiko kimoja. Leo nakuandikia ukweli, na ukimaliza kusoma unitukane, nitapokea.

Unaikumbuka siku ile ulipokuja kutuaga. Ulitoka Nyamongo kwa miguu, gunia la ulezi likiwa juu ya punda na jiwe la kusagia la bibi likiwa juu ya kichwa chako, kwa sababu ulisema jiwe la mama yako halipandi punda. Gati alikuwa na miezi miwili. Ulilitua jiwe mbele yake, ukamwita mama kama unavyomwita kwa kuwa ana jina la bibi, ukaniambia, "Hili ni la huyu. Wewe ni wa kulitunza tu."

Ndani mlikuwa na wageni. Alikuwepo Mwantumu, mke wa Athuman fundi cherehani, na wake wawili wa madereva wenzake baba Gati. Ulifungua kibuyu ukatoa ugali wa ulezi uliotupikia tangu alfajiri, obokima mweusi kabisa wa kwetu, bado una joto. Na mimi nikauchukua nikauweka nyuma ya mlango. Mmoja wao alipouliza gunia lile ni la nini, nikasema, "Ah, chakula cha kuku hicho, kimeletwa kutoka shamba." Wewe ulikuwa umekaa karibu yangu, karibu kabisa. Kiswahili unakijua. Ulikula ugali wangu mweupe pamoja nasi, ukasifu mchuzi, na asubuhi ukaondoka.

Sijawahi kuisema siku hiyo kwa mtu yeyote.

Ulipoondoka, Mwantumu aliniambia, "Mama Gati, kama ni chakula cha kuku, basi nipe mimi, nina kuku wengi." Nikampa gunia zima, akanipa unga wa ngano wa kupikia maandazi, nikaona nimepata mimi. Na jiwe nikalipeleka uani, nikawa nafulia juu yake. Jiwe la bibi, shangazi. Nepi za kitukuu wake nilizipigapiga pale na sabuni ya mche.

Nilitaka nionekane wa mjini, sina sababu nyingine ya kukupa. Darasa la saba nililomaliza lilikuwa limenipanda kichwani. Hata kampeni ya chakula ilipoanza redioni mwaka jana, mimi ndiye niliyechaguliwa kuongoza kikundi cha kina mama wa hapa, kwa kuwa nasoma bila kukwama. Kila Jumatano nawasomea kitabu: msikoboe nafaka, mtumie ulezi, mtumie mtama, unga usagwe na ganda lake, uji wa mtoto utiwe maziwa au karanga. Nasoma kwa sauti, wenzangu wanaitikia. Halafu narudi nyumbani, napeleka mahindi mashineni yakakobolewe, nayaloweka siku tatu, naanika, nasaga, unga unatoka mweupe kama chokaa. Pumba nawamwagia kuku. Kuku wangu walinona, shangazi, majirani wakawa wanauliza nawapa nini.

Nilipopata mimba ya Magige nilimwachisha Gati ziwa. Nikawa namkorogea uji wa unga ule, mwepesi, sukari kidogo, na siku ya mkate chai na mkate. Alikuwa anamaliza kikombe, nikafurahi. Tumbo likawa linajaa, na mimi nikadhani kujaa ndiyo kushiba.

Kwanza alinyamaza. Alikuwa na maneno mengi yule, wewe hukuwahi kuyasikia. Akawa anakaa pale unapomweka, ukirudi unamkuta palepale. Nywele zikawa chache na nyekundunyekundu kama manyoya ya kifaranga. Kisha miguu ikajaa. Mama mmoja hapa jirani akanisifu, eti mtoto amenenepa. Nikabonyeza kwa kidole juu ya wayo, shimo likabaki. Nilimfunika haraka na khanga, shangazi, kama mtu aliyeona kitu ambacho hakutakiwa kukiona.

Nilimpeleka kliniki siku ya kupima uzito. Kina mama wa kikundi changu walikuwa kwenye mstari, nusu yao, na Mwantumu nyuma yangu. Nesi akamtazama Gati, akaniuliza mbele yao wote, "Huyu anakula nini?" Nikaona macho ya wale ninaowasomea kitabu. Nikasema, "Uji wa ulezi na maziwa."

Mimi mwenyewe nilijisikia nikisema.

Basi nesi akaamini. Mtoto anayekula hivyo akivimba, tatizo litakuwa kwingine. Akampa dawa ya minyoo, akasema turudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili zile, shangazi, nilikuwa na nafasi ya kusahihisha kila asubuhi na kila jioni. Njia ya kwenda kliniki haifiki nusu saa. Nilikaa. Nilimwongezea sukari kwenye uji.

Tuliporudi hakuweza kusimama kwenye mizani, nikambeba. Nesi akasema huenda tukapelekwa Musoma, ugonjwa huu haelewi ni nini. Mwantumu alikuwepo tena na mtoto wake wa mwisho. Alinisogelea akaniambia polepole, si kwa ukali, "Sema wewe, Mama Gati, au niseme mimi."

Nikasema. Nililia nikasema yote, unga, sukari, gunia, mbele ya watu wale wale.

Nesi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia, "Ungekuwa hujasoma, ningekufundisha. Sasa wewe nikufundishe nini?" Halafu akanifundisha hivyo hivyo. Alichukua punje ya mahindi, akaichambua kwa kucha. Akanionyesha ganda la juu na kiini kile kidogo cha chini, akasema nguvu nyingi ya punje imekaa hapo, na hapo ndipo tunapopatoa tukawapa kuku, mtoto tunampa kilichobaki. Kilichobaki kinajaza tumbo tu. Na uji mtupu, akasema, hata ukiwa mweusi, bila maziwa wala maharage wala dagaa, mtoto mdogo haumtoshi.

Tulilazwa siku kumi na moja hapa hapa Tarime. Walikuwa wanampa maziwa kidogo kidogo kwa kijiko, na mimi namnyonyesha Magige kwenye kitanda hicho hicho. Siku ya nne uvimbe ulianza kushuka, nikaogopa zaidi, maana chini ya uvimbe hakukuwa na mtoto, ilikuwa mifupa. Siku ya saba alimpiga Magige kofi. Nesi akacheka, akasema huyu sasa anapona, ameanza kuwa na wivu.

Mwantumu alikuja kututazama na debe moja la ulezi kichwani. Ndilo lililobaki katika gunia lako. Nikamwambia, "Dada, mimi nilikupa, na nilikwambia ni chakula cha kuku." Akawasukuma mbele wanawe, Sadick na Kudra, mashavu yamewajaa. "Kuku wenyewe hawa hapa," akasema. "Ulidhani mimi sikuujua ulezi? Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka gunia." Tukacheka wote wawili, kisha akaona aibu na yeye, akasema ilimpasa kuniambia mapema. Nikamwambia hapana, aibu hii ni yangu, asinigawie nusu.

Tulipotoka hospitali jambo la kwanza lilikuwa jiwe. Nililigeuza, nikalisugua kwa mchanga na majivu, siku tatu, magoti yakachubuka. Nikasaga konzi moja ya ulezi nikamwaga, ya pili nikamwaga, ya tatu bado inanuka sabuni. Nilikumbuka ulivyobeba jiwe lile bila hata kulipumzisha njiani, nikakaa pale uani nikashindwa kuendelea. Baadaye Magige akalia, nikanyanyuka. Konzi ya tano ndiyo iliyokubali.

Sasa nasaga kila siku asubuhi. Nachoka, sitakuficha. Mgongo unauma, na mtoto yuko juu ya huo mgongo. Mahindi siku hizi napeleka mashineni na maganda yake, unga unatoka na rangi yake. Kuku wamekonda kidogo, watazoea.

Baba Gati alijaribu kunibembeleza juzi, wenzake walipokuja kula. "Mama Gati, leo kuna wageni, pika mweupe." Nikamwambia wageni watakula wa ulezi au watakula kwao. Nikauweka mezani, mweusi, na maziwa ya mgando na dagaa. Walikula, na mmoja akasema hajaula tangu mama yake afariki. Baba Gati hakunisemesha mpaka jioni, halafu akaulizia kiporo.

Na Jumatano iliyofuata nilikifunga kitabu mbele ya kikundi, nikawaambia sistahili kuwasomea, nikawaeleza kwa nini. Mama mmoja kutoka Turwa akasema, "Kaa chini usome, mwalimu. Sisi tulijua zamani, kuku wako walitwambia." Walicheka mpaka nikacheka. Lakini nililala na neno hilo. Walijua wote, na wakaendelea kuniitikia.

Sasa shangazi, nisikilize, na unisamehe kwamba mtoto anamwelekeza mzazi. Huyo mjukuu usimkorogee mweupe. Nakuomba, na katika hili siombi tu, nakukatalia. Huko mna mtama mzuri wa Wanyamwezi, na karanga mnazo nyingi. Kama duka la kijiji linaleta sembe, basi mzee akipenda ale siku yake, hakuna atakayekufa kwa siku moja. Ila mtoto asagiwe nafaka na ganda lake, na ndani ya uji utwange karanga au utie maziwa. Mbonyeze miguu kila wiki. Ukiona shimo linabaki, usingoje, na usimdanganye nesi.

Na zaidi ya hayo, usiuache ulezi kwa ajili yangu. Hilo ndilo linalonichoma. Mimi niliona aibu siku moja, kumbe wewe uliibeba aibu ile mpaka Urambo, ukapanda nayo treni, ukailisha nyumba yako. Irudishe, shangazi. Ni ya kwangu.

Heche wa kwa mama mkubwa anakuja Tabora mwezi ujao kwa shughuli za chama. Nimempa mfuko wa mbegu za ulezi wa mwaka huu, umeshonwa na Athuman mwenyewe kwa uzi wa mara mbili. Panda hata mstari mmoja nyuma ya nyumba, mbali na tumbaku.

Gati anatembea. Bado nywele hazijarudi zote, na miguu ni myembamba. Lakini jana alimaliza bakuli, akalilamba, kidevu chote cheusi, akalisukuma mbele yangu akasema, "Tena." Halafu akaenda kukaa juu ya jiwe lake. Nilimwacha akae.

Nisalimie Mzee Marwa, umwambie asiufiche mguu, auonyeshe zahanati. Msalimie binti yako Nyangi na mtoto wake. Mama anakusalimu sana, Mwantumu naye, anasema amekula akiba yako na iko siku atakulipa kwa biriani. Baba Gati anasema shikamoo.

Mungu awape mvua ya wakati wake na afya ya kuivunia. Na akupe miguu ya kurudi kututazama. Ukija, kaa pale pale ulipokaa siku ile. Nitaita wageni, shangazi, wale wale watatu, na obokima nitauweka katikati.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Mokami Magige
(Mama Gati)